Mdhamini Gani Huyu Akimbiaye wa Kwanza?

Neno mdhamini ni neno zito kwetu sisi watu wa pwani. Limetoka katika dhamana, na dhamana ilikuwamo katika vitabu vya fiqhi kabla haijaingia magazetini. Mtu akimdhamini mwenzake dukani, au mbele ya kadhi, amejitia shingoni deni lisilo lake. Mdaiwa akishindwa, akifilisika au akitoroka usiku na jahazi, mlango utakaobishwa alfajiri ni wa mdhamini. Ndiyo sababu wazee wetu walipoombwa udhamini hawakujibu papo hapo. Walikaa siku mbili tatu, wakauliza habari za mtu na mwendo wake, ndipo wakajibu. Na wengine hawakujibu kabisa, wakaanza kumzungumzia mwombaji habari za mvua.

Ukifungua ukurasa wa michezo utawakuta wadhamini wa namna nyingine. Hawa hutoa fedha, na mchezaji huvaa viatu vyao na kubeba jina lao kifuani. Akifunga bao wamefunga naye; akipiga picha na kombe wamo pichani. Siku akifanya la kuaibisha, wao ndio wa kwanza kuutafuta mlango. Aliyelichukua neno letu akawavika watu hawa alitukosea adabu kidogo. Hawa ni wapangaji. Wamepanga kifua cha mtu, na nyumba ikivuja huhama.

Nayasema haya kwa ajili ya kisa cha Kurt Zouma, ambacho kila kikitajwa barazani hugawanya watu hata kahawa ikapoa.

Zouma ni beki wa Kifaransa, mzaliwa wa Lyon mwaka 1994, ambaye wazazi wake walitoka Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwanzoni mwa 2022 alikuwa akiichezea West Ham United ya London. Februari 7 mwaka huo gazeti moja la Uingereza lilitoa video iliyopigwa nyumbani kwake. Inamwonyesha akimpiga paka wake teke kama apigavyo mpira, akimkimbiza, akimtupia viatu, kisha akimzaba kofi paka huyo akiwa mikononi mwa mtoto. Nyuma yake vicheko vinasikika. Mwenye kamera alikuwa ndugu yake mwenyewe, Yoan, naye mwanakandanda, na video ilipitia kwake hadi katika mtandao wa Snapchat. Waswahili tuna msemo wetu kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hapa mzaliwa naye ndiye aliyeshika kamera.

Kesho yake West Ham ilikuwa na mechi na Watford. Kocha David Moyes alimpanga Zouma kama kawaida, akaeleza kwamba yeye mwenyewe anapenda wanyama lakini kazi yake ni kuchagua timu itakayoshinda. Timu ikashinda kweli, bao moja kwa bila, lakini kila Zouma alipougusa mpira alizomewa, na waliozomea hawakuwa wageni peke yao, bali hata mashabiki wa nyumbani. Waraka wa kutaka ashtakiwe ukapata sahihi zaidi ya 100,000 kwa siku chache. Watetezi wa wanyama na mashabiki wakawageukia wadhamini, wakawauliza hadharani watakaa na mtu huyu hadi lini.

Jibu halikukawia. Vitality, kampuni ya bima, ikasimamisha udhamini wake kwa klabu. Adidas iliyokuwa ikimvisha viatu ikavunja mkataba naye. Shirika la utalii la Kissimmee, huko Florida, Marekani, nalo likajitoa. Klabu ikamtoza faini ya juu kabisa iwezekanayo, mshahara wa wiki mbili, iliyotajwa kuwa pauni 250,000, na fedha hizo zikaelekezwa kwa mashirika ya kusaidia wanyama. Paka wake wawili wakachukuliwa na RSPCA, shirika kongwe la Kiingereza la kuzuia ukatili kwa wanyama.

Msomaji na alitazame jambo hili kwa makini: miongoni mwa waliotangulia kutoka ni kampuni ya bima, ambayo biashara yake yote ni kumwahidi mtu kuwa itakuwa naye siku ya balaa.

Wakati ule niliyasikia maneno mengi katika mabaraza yetu, na mengi yalikuwa ya namna moja. "Paka tu!" Mzungu, wakasema, humlia paka na asimlie binadamu. Mtu mweusi amepiga teke paka na dunia yote imesimama. Angekuwa mwingine lingepita. Michail Antonio, aliyecheza naye timu moja, aliwauliza waandishi wa habari kama kosa hili ni kubwa kuliko ubaguzi wa rangi, maana wapo wachezaji waliothibitika kutoa maneno ya kibaguzi wakarudi uwanjani na kuendelea na kazi zao. Ni swali zuri, nalo lingali linangoja jibu. Lakini halimpi yule paka nafuu yoyote.

Na sisi, katika watu wote, ndio tusiopaswa kusema "paka tu". Nani miongoni mwetu hakufundishwa chuoni kisa cha yule mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe, wala asimwachilie akajitafutie wadudu wa ardhini, hata akafa, na mwanamke yule akaingia motoni kwa sababu yake? Masimulizi hayo yamo katika Bukhari na Muslim, na Mtume wetu (S.A.W.) hakuyataja kwa mzaha. Yamo pia masimulizi ya aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mbwa, jamani, ambaye mate yake tunaosha chombo mara saba! Na sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote tunamwita kwa jina la paka wake mdogo, Abu Hurayra.

Nenda Lamu ukaone. Paka hulala juu ya baraza la msikiti, na wenye kutawadha humpitia pembeni bila kumwamsha. Mvuvi akipasua samaki pwani matumbo huyatupa upande wao, nao humngoja kama watu wenye miadi. Si kwamba sote ni wema kwao. Tuna watoto wetu wanaorusha mawe na wachukuzi wanaompiga punda hadi mgongo ukachubuka. Lakini hatujapata kusema kuwa jambo hilo halina hesabu kwa Mungu. Kama Mzungu amelikumbuka tulilofundishwa utotoni, hatuna haja ya kulikana kwa kuwa limetoka kinywani mwake.

Kwa hiyo nawatetea wale waliowabana wadhamini, walau kwa mwanzo wake. Paka hana wakili wala hapeleki barua kwa mhariri. Siku ile ya Watford wakubwa wa timu walikuwa wameshapima jambo lao, na kipimo chao kilikuwa ushindi na pointi tatu. Basi wenye uchungu wakatafuta mlango mwingine, wakaupata katika mfuko. Hakuna dhambi katika kumwambia mfanyabiashara kwamba hutanunua viatu vyake maadamu anamlipa fulani. Fedha ni yako, mguu ni wako.

Ninaposhikwa na shaka ni pale watu wanapomsifu mfanyabiashara kwa kuhama, wakamfanya hakimu wa tabia njema. Ebu tuitazame jezi yenyewe ya West Ham ya msimu ule. Kifuani, kwa herufi kubwa kuliko zote, palikuwa na jina la Betway. Betway ni kampuni ya kamari, na ilikaa pale tangu 2015 hadi 2025. Bima ilitoka kwa ajili ya paka, utalii ukatoka kwa ajili ya paka, na kamari ikabaki imetulia pale pale katikati ya kifua. Msimu ulipokwisha watoto wetu wa Mombasa na Malindi waliivaa jezi hiyo kwenda nayo chuoni, wakaketi mbele ya mwalimu na maysir kifuani. Wala mambo haya si ya Ulaya tu. SportPesa, kampuni ya kamari iliyoanzia hapa hapa Kenya, iliivalisha Everton jezi kuanzia 2017, ikawaleta Dar es Salaam Julai mwaka huo kucheza na Gor Mahia, na sote tulikwenda kumtazama Wayne Rooney, tukashangilia. Ilikuwa Aprili 2023 ndipo klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilipokubaliana kuyaondoa matangazo ya kamari mbele ya jezi, tena mwisho wa msimu wa 2025-26, ili kila mtu apate muda wa kukusanya chake.

Sisemi kwamba kwa kuwa kamari ilibaki basi teke lilikuwa halali. Nasema kwamba mwenye mfuko hasikii dhambi, husikia makelele, na hutoka pale makelele yanapozidi faida.

Na makelele yanaweza kupigwa na mtu yeyote, kwa ajili ya jambo lolote. Wapenzi wa Muhammad Ali wanakumbuka mwaka 1967, alipokataa kwenda jeshini akanyang'anywa ubingwa. Yaliyotangulia mwaka mmoja kabla hayasimuliwi sana. Februari 1966 Ali alisema hana ugomvi na Wavietnam. Alikuwa apigane na Ernie Terrell mjini Chicago Machi 29. Magazeti yakawaka, wanasiasa wakawaka, na tume ya ndondi ya Illinois ikalifuta pigano. Mji baada ya mji ukamkataa, mwisho akapigana Toronto, Kanada, na George Chuvalo. Hata huko hawakumwachia. Siku zile fedha nyingi za ndondi zilitoka katika kumbi za sinema zilizoonyesha pigano moja kwa moja. Vyama vya wanajeshi wa zamani vikatisha kusimama milangoni na mabango, na wenye kumbi, wengi wao, wakajitoa. Ali alishinda pigano kwa raundi 15 lakini mapato yalikuwa duni.

Silaha ni ile ile. Waliomtoa Zouma viatuni walitumia mkono ule ule uliomfungia Ali sinema. Mmoja alikuwa amemtesa mnyama, mwingine alikuwa amekataa kuua watu, na mfuko haukuona tofauti baina yao. Ajabu ni kwamba Ali mwenyewe naye aliubeba upanga huo kwa wengine: Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Afrika kuzishawishi nchi zisiende katika Olimpiki ya Moscow. Alifika Tanzania, Nyerere hakukubali kumwona, na Tanzania ikaenda Moscow. Alifika na hapa, na Kenya haikwenda.

Jambo la kususia basi tunalijua, hatukufundishwa na mtandao. Mwaka 1976 Kenya na Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ziliiacha Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mike Boit wetu, aliyekwisha kupata shaba mwaka 1972, alikosa mbio zake akiwa katika nguvu zake zote. Filbert Bayi wa Tanzania hali kadhalika. Ukitaka mfano wa mgomo wenye uzito, huo ndio. Waliogoma walitoa chao wenyewe, na walichokitaka kilijulikana: nchi za dunia ziache kucheza na watawala wa ubaguzi. Mtu akiuliza mtaacha lini, jibu lilikuwapo.

Hili la "mtaacha lini" ndilo ninaloliona kuwa gumu katika kisa cha Zouma, na kuna kisa kingine kinachonisaidia kulieleza.

Michael Vick alikuwa mchezaji mkubwa wa mpira wa Kimarekani, ule unaoshikwa kwa mikono. Mwaka 2007 iligunduliwa kwamba anaendesha mapigano ya mbwa katika shamba lake huko Virginia, na mbwa walioshindwa waliuawa kwa njia ambazo sitaziandika katika ukurasa unaosomwa na watoto. Teke la Zouma mbele ya hayo ni mchezo. Watetezi wa wanyama wakaandamana, Nike ikabanwa, ikavunja naye mkataba Agosti mwaka huo. Vick alihukumiwa miezi 23. Hadi hapa hadithi ni ile ile.

Lakini alipotoka kifungoni mwaka 2009, shirika kubwa la kutetea wanyama la huko, Humane Society of the United States, lililokuwa limempiga vita, likafanya jambo ambalo wenzao wengi waliwalaumu kwalo. Likamchukua. Likamzungusha katika mitaa ya vijana wenye kupiganisha mbwa, asimame mbele yao aseme alichokifanya na kilichompata. Julai 2011 akafika hadi Washington kuunga mkono sheria ya kumwadhibu hata anayekwenda kutazama mapigano hayo. Wapo waliosema anajiosha tu kwa ajili ya mikataba, na huenda wamesema kweli. Moyo wa mtu ni msitu. Ila kijana wa mtaani aliyekuwa na mbwa wake wa kupiganisha hakuwa akisoma matangazo ya watetezi wa wanyama. Alikuwa akimsikiliza Vick. Nike nayo ikarudi mwaka huo huo wa 2011, alipokuwa amekwisha kung'ara tena uwanjani. Yaani mtetezi wa mbwa alimpokea akiwa bado hana kitu, na mwenye viatu akamngoja ang'are.

Sasa turudi London. Mei 24, 2022, Zouma alikiri makosa mawili mbele ya mahakama ya Thames. Juni 1 hakimu akamhukumu saa 180 za kazi za jamii bila malipo, akamtoza gharama za kesi, na akamkataza kufuga paka kwa miaka mitano. Ndugu yake alipata saa 140 na katazo kama hilo. Hakimu alimwambia kwamba paka yule alikuwa akimtegemea yeye, na kwamba vijana wengi humtazama ili wamfuate. Ilikuwa hukumu ya wastani, na iliyasema yaliyopaswa kusemwa.

Mimi nadhani pale ndipo makelele yangepaswa kubadili mwendo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alikuwa amelipa faini, amekosa viatu, amezomewa uwanja hadi uwanja, na sheria imempa adhabu. Lakini mtu huyo alipofanywa nahodha wa West Ham mwezi Agosti 2023, baada ya kuchezea timu iliyotwaa kombe la Ulaya mjini Prague, wapo walioanza upya kama kwamba mahakama haikukaa. Wanataka nini? Nimejaribu kulitafuta jibu na sikulipata. Asicheze popote? Asile? Aliyetaka ashtakiwe amepata mashtaka. Aliyetaka paka watolewe pale nyumbani, paka wametolewa. Dai lisilo na kikomo si dai tena, ni kisasi chenye jina zuri.

Najua kuna atakayeniuliza: je, mwandishi, ulitaka Adidas iendelee kumlipa? La hasha. Ningependa ibanwe vizuri zaidi. Ningependa wale wenye sahihi zao waiambie Adidas hivi: ninyi mlimchagua mtu huyu, mkamweka mbele ya watoto wetu mkauza viatu kwa sura yake, basi msitoroke, kaeni naye, fedha mlizokusudia kumpa zipelekeni kwa wanaotibu wanyama, naye mtumeni mashuleni akaseme alichokifanya, hata kama sauti itamtetemeka. Hapo wangekuwa wadhamini kwa maana tuijuayo sisi, ya kubishiwa mlango alfajiri. Kuvunja mkataba kwa karatasi moja kulikuwa ndiyo njia nyepesi kuliko zote kwao, na sisi tukawapigia makofi wakitoka.

Yule mtoto aliyekuwa amemshika paka naye sikuona mdhamini hata mmoja aliyemtaja. Yeye ndiye aliyefundishwa somo siku ile, jikoni kwao, kwa kofi lililopita mbele ya uso wake, na watu wazima wakicheka.

Zouma aliondoka West Ham Agosti 2024, akaenda kwa mkopo Al-Orobah ya Saudi Arabia. Katazo la kufuga paka alilopewa ni la kufikia Juni 2027. Hadi siku hiyo ana deni kwa sheria ya Kiingereza, na baada ya hapo simwoni wa kumdai, isipokuwa paka mwenyewe, ambaye kesi yake iko mbele ya Hakimu asiyehitaji sahihi zetu.